Malengo 23 kwenye mlango wa friji, na baridi ikawakuta vilevile

Kisa hiki cha kuiandaa nyumba wakati wa vuli ni cha nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume na wifi yangu, wameniruhusu nikisimulie ila bila majina, na wifi kaongezea kwamba nikifika sehemu ya ngazi nisimfichie mumewe chochote. Sawa wifi, nimekusikia.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Nikisema vuli hapa simaanishi mvua za vuli, namaanisha ule msimu wa majani kupukutika kwenye nchi zenye misimu minne, unaoanza tarehe 22 au 23 Septemba ukiwa kaskazini ya ikweta, na kusini unaanza 20 au 21 Machi. Kwenye kalenda ni miezi mitatu ila kwa kazi za nyumba sio mitatu hata kidogo, ondoa siku za mvua, ondoa wikiendi za wageni na za watoto kuumwa mafua, ondoa zile siku jua linazama hujatoka kazini, unabakiwa na Jumamosi za kuhesabu kwa vidole.

Nyumba yenyewe ni ya juu na chini, ya zamani kidogo, watoto watatu, wote wawili wanafanya kazi na mdogo wangu wiki nyingine anaingia zamu ya usiku. Mwisho wa Agosti wifi akatoa wazo wakae familia nzima waweke malengo ya vuli, kila mtu aseme anataka nyumba iweje kabla baridi haijaingia. Wakakaa Jumapili mchana mezani, simu zote zikawekwa kwenye bakuli, na kwa wanavosimulia kilikuwa kikao kizuri sana, mpaka yule wa kati wa miaka minane akanyoosha mkono kama yuko darasani akasema anataka "tusipigiane kelele asubuhi". Likaandikwa. Namba 9.

Hiyo karatasi nimeishika mkononi, ndo maana nauona umuhimu wa kuandika hiki kisa. Imeandikwa na wifi kwa kalamu ya bluu, herufi zake zile za kulala, ina alama ya kidole cha mtoto pembeni. Namba 1, Kupaka rangi sebule. Namba 2, Kupanga kabati la chini ya ngazi. Ukishuka shuka hivo unakutana na duveti mpya, rafu ya viatu, kuwa karibu zaidi kama familia, kupunguza simu, halafu namba 14 kuna neno moja tu: Gata. Basi. Kama jina la mtu, kumbe ni ule mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa. Namba 15, Baridi chumba cha watoto. Namba 17, Boila? yaani ule mtambo wa kuchemsha maji yanayopasha nyumba joto, na hiyo alama ya kuuliza iko hapo hapo. Namba 21, Bomba la nje. Jumla 23, chini kabisa wamesaini wote watano, mdogo kabisa kachora jua.

Nikaenda kuwatembelea katikati ya Desemba. Nimeingia nimevutiwa mwanzoni maana sebule imepakwa rangi imependeza aisee, rafu ya viatu mlangoni, kabati limepangwa ukifungua hakuna kinachokuangukia. Ila nimekaa dakika kumi sijavua koti. Nikamwangalia wifi, wifi akaangalia pembeni.

Boila iligoma siku ya tatu ya baridi kali, fundi waliyempigia akawaambia foleni yake ni siku tisa. Bomba la nje la kumwagilia maua limepasuka, wamejua barafu ilipoyeyuka kidogo wakasikia maji yanamwagika ukutani usiku. Chumba cha watoto juu kabisa kwenye kona kuna baka la ukungu mweusi ukubwa wa sahani mbili na linapanda. Na mdogo wangu anachechemea, mana mwisho wa Novemba aliamua kwa hasira kwenda kusafisha gata peke yake, asubuhi, kuna umande umeganda kwenye ngazi, viatu vya kuendea kazini. Ngazi ikateleza akaangukia kichaka. Kichaka ndo kimemwokoa, sio akili zake, na hilo nalisema kama dada mtu.

Tukahesabu kwenye karatasi. Katika 23 yametimia manne: sebule, kabati, duveti, viatu.

Sasa mtu mwingine angesema hawa ni wavivu. Mi nakataa, maana nimewauliza wikiendi moja baada ya nyingine walikuwa wanafanya nini na jibu ni kwamba walikuwa wanafanya kazi kweli kweli. Sebule peke yake, ambayo walisema ni ya wikiendi moja, iliwala tatu. Kuna ukuta ulitaka kukwanguliwa, kuna mkono wa kwanza wa rangi haukushika, kuna siku rangi iliwaishia Jumapili jioni. Hili sio lao peke yao, wanasaikolojia Kahneman na Tversky walishaliandika mwaka 1979 kwamba binadamu tukipanga kazi tunapiga hesabu kana kwamba hakuna kitakachoharibika, na mwaka 1994 mtafiti Buehler na wenzake wakawauliza wanafunzi wa chuo watamaliza lini tasnifu zao, wastani wakasema karibu siku 34, ikaja kuwachukua karibu 56. Wanafunzi hao hata watoto watatu hawana.

Kwa hiyo kazi ilifanyika. Tatizo ni ipi ilianza. Walianza na namba 1 kwa sababu ni namba 1, na ilikuwa namba 1 kwa sababu ndo iliyokuwa tamu kusema kwenye kikao. Sebule ungeweza kuipaka Februari nje kukiwa na theluji na isingekudai kitu. Gata huwezi. Nyumba ikiwa inajiandaa kwa baridi kila kazi ina mlango wake unaofungwa, na milango haifungwi siku moja, na hakuna hata sehemu moja kwenye ile karatasi mtu ameuliza hii inafungwa lini.

Niichukue gata maana ndo iliyonifundisha mimi mwenyewe. Ukisafisha mapema sana majani yanashuka tena unarudi mwanzo. Ukichelewa yanaganda humo humo na barafu, huyatoi, na ngazi nayo inateleza, muulize mdogo wangu. Mlango wake uko katikati hapo, wiki mbili tatu baada ya miti ya karibu kuwa uchi na kabla umande haujaanza kuganda, na kwao mti unaowasumbua ni wa jirani na ni ule wa kuchelewa kupukutisha.

Tuliisubiri siku moja ya jua ilivotulia barafu ikaisha tukapanda, yeye juu mimi nimeshika ngazi chini, safari hii tumeiweka kwa kipimo, yaani kila mita nne za kwenda juu unaivuta mita moja kutoka ukutani. Akawa anachota kwa kipande cha dumu alilolikata. Kinachotoka sio majani tena, ni tope jeusi linalonata, lina harufu ya bwawa, ndani kuna mchanga mchanga uliobanduka kwenye paa. Kafika kona akanyamaza. Nikamuuliza kuna nini huko, akasema "dada, huwezi kuamini", akanidondoshea mpira wa tenisi. Ulikuwa umekaa kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji sawasawa kabisa kama fundi kauweka kwa kupima. Ulivotoka tu bomba likakoroma, maji yote yaliyokuwa yamesimama yakashuka kwa mkupuo.

Na hiyo kona ndo kona ya chumba cha watoto. Miezi yote hiyo maji ya mvua yalikuwa yanafika hapo, hayana pa kushukia, yanafurika kwa nyuma upande wa ukuta, yanateremka taratibu. Wao ndani walikuwa wanamgombeza mtoto kwamba hafungui dirisha! Mtoto masikini. Ingawa na wao walikuwa na kosa lao la pili, nguo za watu watano zinaanikwa humo humo chumbani, na mzigo mmoja wa mashine ukianikwa ndani unaacha kama lita mbili za maji hewani, ukuta ukiwa baridi ndo yanapoenda kutua. Ukuta unapata maji nje na ndani. Tukahamisha nguo bafuni, mlango umefungwa, feni ya kutolea hewa inawaka.

Kingine, maji yakishashuka yasimwagikie pale pale mguuni mwa nyumba. Waliongezea kipande cha bomba chini yaende kama mita mbili mbele. Hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa.

Boila mlango wake ni tofauti, haufungwi na hali ya hewa, unafungwa na watu. Siku ya kwanza ya baridi kila mtu anawasha, na kila ambaye yake imegoma anampigia simu fundi huyo huyo asubuhi hiyo hiyo. Ndo siku tisa hizo. Ukimpigia watu wakiwa bado na tisheti anakuja kesho na anakaa anaisafisha vizuri bila kuangalia saa. Sasa "Boila?" na alama ya kuuliza maana yake nini, nikamuuliza wifi, akasema "nilikuwa simaanishi kitu wifi, nilikuwa nataka mtu aniambie kama kuna cha kufanya". Basi lilikuwa swali, likaandikwa kama lengo, na swali halipakwi rangi wala halisafishwi, linakaa tu hapo.

Hapa kuna jambo lilinikasirisha na sitaki nilipite. Kwenye malengo 23, ya familia yenye watoto wadogo na boila ya gesi na jiko la kuni sebuleni, hakuna hata moja linalogusa kingora. Boila ikichoma vibaya au bomba la moshi likiziba inatoka kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, inaingia kwenye damu inajibandika kwenye himoglobini, yaani ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni yenyewe, mtu anaumwa kichwa anasinzia anasema nimechoka tu ngoja nilale. Nikauliza kiko wapi kingora cha hiyo hewa. Hakipo. Cha moshi je? Kipo, darini pale kwenye korido. Nikapanda kiti nikakigeuza, betri hakuna. Betri iko wapi? Watoto wakaangaliana. Ilikuwa kwenye gari la kuchezea. Na nyuma ya kingora kuna tarehe ya kutengenezwa, imepita miaka 10, ambapo kinatakiwa kitupwe hata kama kinalia vizuri. Wakanunua vipya siku hiyo hiyo kabla hatujagusa kitu kingine chochote. Na bomba la moshi la lile jiko likasafishwa, mara moja kwa mwaka ndo kiwango cha chini kama unawasha kuni.

Bomba la nje sasa, hilo ndo la kusikitisha kuliko yote maana ni kazi ya dakika tano. Unachomoa mpira, unafunga vali ya ndani, unatoka nje unafungulia koki yaliyobaki yatoke, unaiacha wazi. Basi. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na bomba la shaba haliwezi kubishana na hilo. Dakika tano hizo hazikupatikana kwa miezi mitatu. Kwanini? Nikawauliza mmoja mmoja. Mdogo wangu kasema "nilijua mama watoto atafunga, si yeye ndo anamwagilia maua". Wifi kasema "mambo ya mabomba ni yake, mi najulia wapi". Kila mmoja alikuwa na uhakika kabisa, hakuna aliyedanganya.

Nikarudi kwenye karatasi, na hapo ndo nikaona kitu kidogo ambacho kwangu ndo moyo wa kisa hiki. Angalia yalivyoandikwa. Kupaka, kupanga, kupunguza, kusafisha. Ukiacha namba 9 ya mtoto, yana ku- mbele, na yasiyo na ku- ni jina tupu, Gata, Bomba la nje. Sasa ku- haina mwenyewe! Kiswahili kinakuruhusu useme kazi nzima bila kumtaja wa kuifanya, na ukijitahidi sana unasema "tusafishe", na hiyo tu- nayo ni ya watu watano akiwemo aliyechora jua. Weka ni- au a- hapo mbele uone chumba kitakavyokuwa kimya. Nani a-na-safisha?

Yupo mwanasaikolojia anaitwa Peter Gollwitzer, mwaka 1999 aliandika kwamba mtu anayejiwekea mpango wa "ikitokea hivi nafanya hivi" anatimiza zaidi kuliko yule mwenye nia nzuri tu. Sio siri kubwa, ila tulivojaribu kwenye bomba la nje ikawa hivi: "Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mimi baba, nikitoka kumpeleka mkubwa mazoezini, kabla sijavua viatu, nafunga vali." Kuna mtu, kuna siku, kuna viatu. Wifi alicheka kwanza akasema imekuwa kama hati ya mahakama. Sawa, na hati ya mahakama watu wanaitii.

Tukakaa usiku mmoja watoto wamelala tukaipitia yote. Hatukuuliza ipi muhimu, maana ukiuliza hivo kila kitu kinakuwa muhimu na sebule inashinda tena. Tuliuliza mlango unafungwa lini, na nani anaukimbilia. Yaliyo na mlango yakawa tisa. Mengine kama rangi na kabati na rafu tukayaweka karatasi ya pili, hiyo ni ya muda wowote, ukipata wikiendi tupu jisevie.

Kuna mahali mimi na wifi tulibishana. Mi nilitaka yale ya "kuwa karibu kama familia" na "kupunguza simu" na namba 9 ya mtoto yatoke kabisa, sio kazi za msimu hayo, yanajaza karatasi tu. Wifi akaniambia, "Wifi, ukiyatoa ya watoto umekiua kikao, mwakani hawaji mezani, wanakuja kwa sababu na lao liko pale." Nikakaa kimya maana kaongea kweli. Mimi nilikuwa nasoma karatasi, yeye alikuwepo kwenye kikao. Yakabaki, kwenye karatasi yao ya tatu, na rangi zao.

"Baridi chumba cha watoto" nayo ilitupa kazi, maana ni malalamiko, na malalamiko huyafanyi mpaka ujue yanatoka wapi. Nikachana kipande cha tishu, chembamba hivi, nikakipitisha polepole pembeni mwa dirisha. Juu kimetulia, kulia kimetulia, kufika chini kushoto kikalala mlalo kabisa kinapepea kama bendera. Mpira wa dirisha ulikuwa umekakamaa na kukatika pale, ukiangalia kwa macho huoni. Tukabandika utepe mpya wa kuzibia. Halafu hita ya ukutani, ile inayopitisha maji ya moto ya boila, nikaigusa, chini ina moto juu ni baridi, hiyo ni hewa imekaa ndani maji hayapandi. Kuna kifunguo kidogo, unafungulia kidogo pembeni juu, inazomea sssss, ikianza kutema maji unafunga, halafu unaangalia presha ya boila kama imeshuka unaijaza. Kwahiyo chumba kilichowatesa msimu mzima kilikuwa kinataka tishu, utepe na kifunguo. Yule wa kati aliniuliza kama na yeye anaweza kufungua ya chumba cha wazazi, nikamruhusu, baba yake akashika kitambaa chini.

Mwaka uliofuata sikwenda, nilifuatilia kwa simu, kwa hiyo hapa nasema nilichoambiwa na picha nilizotumiwa kwenye grupu. Fundi wa boila alikuja mwezi wa nane. Bomba la nje lilifungwa, viatu vikiwa miguuni. Vingora wamevipa siku ambayo huwezi kuisahau, ile ambayo kule saa zote zinarudishwa nyuma saa moja, ambayo kwa Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, ukirudisha saa ya ukutani unabonyeza na kingora. Gata ilisafishwa, watu wawili, viatu vya raba, na wameweka wavu kwenye mdomo wa bomba kwa ajili ya mipira ya tenisi. Panya wamepungua, maana walizungukia ukuta kwa kalamu ya risasi mkononi na kila tundu ambalo kalamu inaingia wakaliziba, panya mdogo anapita hapo.

Kulaza godoro la kuzuia baridi darini hawakufanya. Lilikuwa na mtu na tarehe, mdogo wangu, Jumamosi ya pili ya Novemba, ila zamu za usiku zikabadilishwa wiki hiyo hiyo na hakuna aliyelihamisha. Nikamwambia wifi hata hati ya mahakama huwa inaahirishwa.

Ukuta wa chumba cha watoto ulikauka kufikia kiangazi, wakausafisha wakaupaka ile rangi iliyobaki ya sebule, mtoto wa kati hajaipenda. Na namba 9 yake imerudi karatasini mwaka wa pili, tusipigiane kelele asubuhi, ila safari hii wifi kaifuta ile tu- kwa kalamu ya bluu, kaandika jina la mumewe.